Safu ya Giza: Historia ya Gharama za Umeme katika Nyumba ya Wageni ya Hai Jalaba, Juba, 2006 hadi 2024

Utangulizi

Historia ya Juba kwa kawaida huandikwa kwa kufuata mikataba na vita. Tunasoma juu ya Mkataba wa Amani wa Januari 2005, uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, vita vya Desemba 2013 na mapigano ya Julai 2016. Insha hii inafuata chanzo kingine, nacho ni madaftari tisa ya hesabu ya nyumba moja ya wageni yenye vyumba vinane katika mtaa wa Hai Jalaba. Nyumba hiyo ni ya shangazi yangu. Aliifungua mwaka 2006 baada ya kurudi kutoka Kenya, alikoishi kama mkimbizi, na ndiko alikojifunza Kiswahili anachokitumia kuandikia hesabu zake hadi leo.

Kila ukurasa wa madaftari hayo una safu nne alizozichora kwa rula: Wageni, Pesa, Dizeli na Giza. Safu ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike insha hii. Humo aliandika usiku ambao jenereta haikuwashwa au ilizimika kabla ya saa iliyoahidiwa, pamoja na kiasi alichompunguzia mgeni kwa sababu hiyo. Sijawahi kuona kitabu cha historia ya Sudan Kusini chenye safu ya giza, wakati kwa mwenye nyumba ya wageni hiyo ndiyo safu inayoeleza zile nyingine tatu.

Hoja yangu ni kwamba kwa karibu miaka ishirini nyumba ya wageni ya Juba imekuwa ikiuza saa za umeme chini ya jina la kitanda. Kwa hiyo swali kuu la biashara hiyo limekuwa ni nani abebe gharama ya saa hizo: mwenye nyumba, mgeni, au serikali. Nitaonyesha kwamba jibu limebadilika mara tatu. Nitaonyesha pia kwamba akiba ya kweli haikupatikana kwa kuzima taa, bali pale mwenye nyumba alipoanza kupima matumizi. Mbali na madaftari, nimetumia mazungumzo na shangazi mwenyewe na habari za wazi kuhusu sekta ya umeme ya nchi yetu.

Mtaa na mto

Neno "jalaba" lilitumika Sudan kuwataja wafanyabiashara kutoka kaskazini, na asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuleta. "Hai" ni mtaa. Hai Jalaba, kwa hiyo, ni mtaa wa walioleta: chumvi, sukari, nguo na sabuni. Ni moja ya mitaa ya zamani ya Juba, mji uliokua baada ya Waingereza kuhamishia hapo makao ya jimbo kutoka Mongalla mwishoni mwa miaka ya 1920.

Sababu ya mji kuwa pale ulipo ni mto. Meli za Mto Nile kutoka kaskazini ziliweza kufika Juba bila kuendelea sana, kwa kuwa kusini yake mto unaingia katika maporomoko, kuanzia Bedden hadi Fula karibu na Nimule. Abiria walishuka Juba na kulala. Katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikisafiri kati ya Misri na kusini mwa Afrika nazo zilitua Juba, na Hoteli ya Juba ikapata wageni wa angani juu ya wale wa majini. Biashara ya kulaza wasafiri, basi, ni ya zamani katika mji huu kuliko taifa lenyewe.

Maporomoko yale yale yaliyosimamisha meli yangeweza kutoa umeme. Mwaka 1954, upande wa juu wa mto huo huo, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja nchini Uganda, na viwanda na nyumba zikapata umeme wa maji. Mipango ya kujenga bwawa Fula imeandikwa na kuandikwa upya tangu wakati wa Sudan moja, lakini hadi leo hakuna mtambo uliojengwa hapo. Hivyo Juba iliingia karne ya 21 ikiwa kando ya mto mkubwa, ikitegemea umeme mdogo wa mitambo ya dizeli. Watu wa Hai Jalaba waliendelea kufanya walichokifanya babu zao, yaani kusubiri kitu kiletwe, na safari hii kilicholetwa kilikuwa mwanga ndani ya mapipa.

Kipindi cha kwanza: umeme ndani ya bei ya chumba, 2006 hadi 2011

Baada ya mkataba wa 2005, Juba ikawa makao ya Serikali ya Kusini mwa Sudan. Watumishi wa Umoja wa Mataifa, mashirika ya misaada, wakandarasi na wafanyabiashara kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia na Eritrea wakaja kwa wingi katika mji ambao vita vya zaidi ya miaka ishirini viliuacha bila nyumba za kutosha. Kando ya Nile yakachipuka mahema na makontena ya kulala, na ilikuwa kawaida hema moja kukodishwa kwa zaidi ya dola 100 kwa usiku. Wageni wengi walishangaa kulipia turubai bei ya hoteli ya Ulaya. Wenye mahema walikuwa na jibu moja: jenereta.

Shangazi hakuwa na eneo kando ya mto. Alikuwa na kiwanja cha familia, kuta za matofali na paa la mabati. Mwaka 2006 alianza na vyumba vitatu na jenereta ndogo ya petroli, na daftari la kwanza linaonyesha kuwa iliwashwa saa moja jioni na kuzimwa saa tano usiku. Mwaka 2008, vyumba vilipofika vinane, alinunua jenereta ya dizeli ya kilowati 20. Nilipomuuliza kwa nini kubwa hivyo, alinijibu: "Mwanangu, wakati ule mgeni aliuliza jenereta kabla ya kuuliza choo. Ukiwa na ndogo, unaonekana mtu wa kubahatisha."

Uamuzi huo ulieleweka, lakini uligharimu. Jenereta ya dizeli haitumii mafuta kwa kulingana na mzigo wake. Kwa makadirio ya kawaida ya mitambo hii, jenereta ya kilowati 20 ikibeba mzigo kamili hutumia kiasi cha lita sita kwa saa. Ikibeba robo ya mzigo haishuki hadi robo ya mafuta. Hutumia zaidi kidogo ya lita mbili, yaani zaidi ya theluthi moja. Ikibaki na mzigo mdogo kabisa bado inakunywa, kwa sababu injini lazima ijizungushe yenyewe kwanza. Tena, ikizoea kufanya kazi nyepesi, masizi na mafuta yasiyoungua hujaa katika bomba la moshi, na fundi anaitwa kabla ya wakati wake.

Sasa tuchukue usiku wa kawaida katika nyumba ile baada ya saa nne, wageni wakiwa wamelala na viyoyozi vimezimwa. Feni nane za wati 60 ni wati 480. Tukiongeza friji, taa za ukumbini na simu zinazochajiwa, jumla ni kama kilowati moja. Mashine ya kilowati 20 ilikuwa inaunguruma usiku kucha kuzungusha feni. Ni kama kukodi lori zima kubeba mkungu mmoja wa ndizi.

Katika kipindi hiki hakuna aliyelijali jambo hilo sana, kwa kuwa mgeni alilipa kwa dola na umeme ulikuwa ndani ya bei ya chumba. Safu ya Giza kwa miaka ya 2008 na 2009 ina mistari michache, na mingi inatokana na barabara. Dizeli ya Juba ilipita Kenya na Uganda, ikavuka Nimule, na wakati wa masika malori yalikwama kwenye tope. Serikali nayo ilikuwa na kituo cha umeme cha dizeli cha kiasi cha megawati 12 kwa mji mzima, na nyaya zake zilifika sehemu tu ya mitaa. Shangazi aliungwa kwa muda. Maneno yake ya siku hizo ni ya Kiarabu cha Juba: "kahraba fi" umeme ulipokuwepo, na mara nyingi zaidi "kahraba mafi", umeme hakuna.

Kipindi cha pili: kugawana giza, 2012 hadi 2019

Januari 2012, miezi sita baada ya uhuru, serikali ilisimamisha uzalishaji wa mafuta ghafi kwa sababu ya mgogoro na Khartoum juu ya ada za bomba, na uzalishaji haukuanza tena hadi Aprili 2013. Hapa panahitaji ufafanuzi kwa msomaji wa nje. Sudan Kusini huuza mafuta ghafi kupitia bomba linaloelekea kaskazini hadi Bahari ya Shamu, lakini dizeli iliyosafishwa huinunua nje, na kwa Juba njia kuu ni ya kusini. Nchi yenye mafuta ardhini ilikuwa ikinunua mwanga wake wa kila usiku kwa fedha za kigeni. Mafuta ghafi yaliposimama, dola zikapungua. Dola zilipopungua, dizeli ikapanda.

Mwaka huo huo barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192 zilizojengwa kwa msaada wa Marekani, ilikamilika. Kwa historia ya uchukuzi huo ni mwaka wa mafanikio. Katika daftari la shangazi mambo mawili hayo yanaonekana kwa pamoja: mistari ya "lori limekwama" inatoweka, na mistari ya "bei imepanda" inaanza. Barabara ilileta dizeli kwa wakati, lakini haikuleta pesa ya kuinunulia.

Kisha vikaja vita vya Desemba 2013. Wageni wengi waliondoka, na katika miaka iliyofuata mitambo ya serikali ilinyamaza kwa kukosa mafuta. Desemba 2015 serikali iliiachia pauni ipande na kushuka sokoni, na thamani yake rasmi ikaanguka kutoka kiasi cha pauni tatu kwa dola hadi zaidi ya kumi na nane kwa mara moja. Mwenye nyumba ya wageni alijikuta katikati. Wageni wapya, wengi wao wafanyabiashara wa kikanda na ndugu za wagonjwa waliokuja hospitalini, walilipa kwa pauni. Muuza dizeli alihesabu kwa dola.

Kuanzia hapo madaftari yanaanza kuwa na sheria. Zimeandikwa ndani ya jalada kwa kalamu nyekundu, na nazinakili kama zilivyo kwa maana: pasi ni saa moja hadi saa mbili asubuhi, birika la umeme haliruhusiwi chumbani, maji ya moto ni ya jiko la mkaa, jenereta inawashwa saa moja jioni hadi saa sita usiku, anayetaka zaidi achangie dizeli. Sheria hii ya mwisho ndiyo muhimu kwa mwanahistoria. Kwa mara ya kwanza umeme unatoka ndani ya bei ya chumba na kuwa kitu cha kujadiliwa usiku kwa usiku kati ya mgeni na mwenye nyumba. Safu ya Giza sasa imejaa kurasa nzima.

Hapa lazima nitaje jambo linalonihusu. Mwaka 2018 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni huko Eldoret. Muhula wa pili nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, nikakaa kwa jamaa hadi muhula ukaisha. Kwa miaka mingi niliamini kwamba shangazi alinisahau. Nilipofika ukurasa wa Juni 2018 katika daftari la sita niliona karo yangu imeandikwa kwa penseli katika safu ya Pesa, ikakatwa, na kiasi kile kile kuandikwa kwa wino katika safu ya Dizeli. Kundi moja lilikuwa limechukua vyumba vyote nane kwa wiki tatu kwa ahadi ya kulipa mwisho, likataka umeme saa 24, kisha likaondoka bila kulipa. Shangazi alikuwa ameikopesha jenereta karo yangu. Nilipomwonyesha ukurasa huo alitazama kidogo tu akasema, "Niliandika kwa penseli kwa sababu nilijua haitakaa."

Hata hivyo ni katika kipindi hiki kigumu alipopata akiba yake ya kwanza ya maana. Mwishoni mwa 2018 fundi mmoja kutoka Uganda alimshauri anunue jenereta ya pili, ndogo, ya kilowati nne, kwa ajili ya usiku. Kubwa iwashwe jioni tu, viyoyozi na pampu ya maji vinapofanya kazi pamoja. Ndogo ichukue zamu kuanzia saa nne. Wakati huo huo alibadilisha balbu zote za wati 60 kwa za LED za wati tisa. Kwa daftari lake mwenyewe, dizeli ya mwezi ilishuka karibu nusu, na saa za umeme hazikupungua bali ziliongezeka hadi alfajiri. Miaka ya kuwabana wageni kwa sheria nyekundu haikuleta kilicholetwa na mashine inayolingana na kazi yake.

Mfano wa Zanzibar

Je, hali hii ni ya Juba peke yake? Kisiwa cha Unguja kinatoa mfano wa kulinganisha, maana huko nyumba za wageni na hoteli za watalii ndizo uti wa mgongo wa uchumi. Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni. Hitilafu ya pili, ya Desemba 2009, iliendelea hadi Machi 2010, kwa miezi mitatu hivi, katikati ya msimu wa wageni. Hoteli kubwa ziliwasha majenereta yao. Nyumba ndogo za Mji Mkongwe na za vijijini zilihangaika na madumu ya mafuta na maji ya kuchota, kwa sababu bila umeme pampu nazo zilisimama.

Tofauti ni katika kilichofuata. Waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba uliwekwa na kuzinduliwa mwaka 2013, na giza la Unguja likawa tukio lenye mwanzo na mwisho. La Juba lilikuwa hali ya kudumu. Mwenye nyumba ya wageni wa Unguja aliweza kusema "tuvumilie hadi waya utengenezwe". Wa Hai Jalaba hakuwa na waya wa kusubiri, na kwa hiyo alilazimika kuwa yeye mwenyewe shirika la umeme la vyumba vinane, bila mafunzo na bila mita.

Kipindi cha tatu: mita, kuanzia 2019

Novemba 2019 Rais Salva Kiir alizindua mtambo wa umeme wa megawati 33 uliojengwa Juba na kampuni ya Ezra, huku Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa imegharamia ukarabati na upanuzi wa nyaya za kusambazia. Kazi ya kuuza umeme ilikabidhiwa kampuni ya ubia kati ya Ezra na shirika la umeme la serikali, inayojulikana kama JEDCO. Mteja hununua uniti kabla ya kuzitumia, kama ilivyo kwa LUKU ya Tanzania au tokeni za Kenya. Bei ilikuwa karibu senti 40 za dola kwa uniti moja, ambayo ni kati ya bei za juu duniani. Mtanzania anayelipa kiasi cha shilingi 350 kwa uniti anaweza kujua tofauti mwenyewe.

Hata hivyo tusilinganishe na Dar es Salaam tu. Tulinganishe na kilichokuwepo. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, lita ya dizeli ni dola moja. Jenereta ya kilowati 20 yenye robo ya mzigo hutoa uniti mbili na kidogo kwa lita, yaani senti 45 hivi kwa uniti kabla ya fundi, oili na vichujio. Ikizungusha feni tu usiku hutoa labda nusu uniti kwa lita, na uniti moja inagharimu dola mbili. Umeme wa mji, pamoja na ughali wake, ulikuwa nafuu kuliko kelele za uani.

Nyumba ya shangazi iliungwa mwaka 2020. Safu ya Giza haikufutwa, ila kichwa chake kimekatwa kwa mstari na juu yake kuandikwa "Tokeni". Mabadiliko makubwa zaidi ya bei, kwa maoni yangu, yalikuwa ni kwamba mita ilikuwa na namba. Jenereta ilikuwa imemwambia shangazi ni lita ngapi zimekwisha, lakini haikuwahi kumwambia zilikwenda chumba gani. Sasa aliweza kusimama mbele ya mita, akazima kila kitu, akawasha kimoja kimoja na kuandika. Aliifanya kazi hiyo kwa siku nne. Matokeo yaliyomo katika daftari la nane yalimshangaza: taa zote za nyumba nzima zilitumia kidogo kuliko kiyoyozi kimoja, hita ya maji ya papo kwa papo aliyoifunga chumba namba moja ilivuta zaidi ya kilowati tatu kila ilipowashwa, na friji kuukuu ya ukumbini, ambayo mpira wa mlango wake ulikuwa umechanika, ilikula uniti mchana na usiku bila kumlaza mgeni hata mmoja.

Hatua alizochukua zilifuata namba hizo. Mpira wa friji ulibadilishwa. Hita iling'olewa, na tangi jeusi la maji likapandishwa juu ya paa, ambapo jua la Juba hulipasha bila malipo. Mabati ya vyumba vya upande wa magharibi yaliwekewa dari. Na jambo la mwisho, ambalo yeye mwenyewe huliona kubwa kuliko yote, aligawa vyumba katika bei mbili: chumba cha feni na chumba cha kiyoyozi, kila chumba cha kiyoyozi kikiwa na mita yake ndogo na kiwango cha uniti kwa usiku. Akizidisha, mgeni analipia ziada.

Mgeni mmoja wa muda mrefu aligomba sana. Alidai kwamba mita ndani ya chumba ni kumhesabia mtu pumzi. Shangazi alimjibu kwamba zamani alihesabiwa pia, ila na jenereta, pamoja na pumzi za wenzake saba. Mgeni alihamia chumba cha feni na bado yupo.

Kipindi hiki cha tatu, basi, kilihamisha sehemu ya gharama kwa mtumiaji kwa haki zaidi. Lakini hakikumaliza tatizo. Mtambo wa mji nao unachoma mafuta, na bei ya uniti inafuata dola. Februari 2024 bomba la kusafirishia mafuta ghafi kupitia Sudan liliharibika kutokana na vita vya huko, na pauni yetu ikaporomoka tena. Mwezi uliofuata, Machi 2024, joto lilipanda hadi serikali ikafunga shule nchi nzima. Wiki zile zilionyesha mpaka wa kubana matumizi: huwezi kumwambia mgeni mgonjwa azime feni katika joto la zaidi ya nyuzi 40 ili hesabu ikae sawa. Ndipo shangazi alipotumia akiba yake kununua paneli chache za jua, inveta na betri kwa ajili ya feni, taa na friji tu, viyoyozi vikabaki kwenye umeme wa mji. Hakurudia kosa la 2008. Alinunua kinacholingana na kazi, kwa sababu sasa kazi ilikuwa imeandikwa kwa namba.

Mipaka ya hoja hii

Msomaji anaweza kusema kwamba nyumba moja yenye vyumba vinane haiwezi kuwa historia ya mji. Ni kweli. Mahema ya kando ya mto, hoteli kubwa zilizojengwa baada ya uhuru na nyumba za kulala za madereva huko Gumbo zina hesabu tofauti. Inaweza pia kusemwa kwamba mwandishi ni mpwa wa mwenye madaftari na karo yake imo ndani. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana nimelitaja wazi. Lakini vyanzo vikubwa vinatuambia megawati zilizofungwa na mikopo iliyotolewa. Havituambii kwamba kati ya 2013 na 2019 uamuzi wa nishati wa kila siku katika Juba ulifanywa na watu kama mwanamke mmoja mwenye kalamu nyekundu saa sita usiku, akiamua kati ya dizeli na karo.

Hitimisho

Insha hii imejadili vipindi vitatu. Katika cha kwanza umeme ulifichwa ndani ya bei ya chumba na dola za wageni zilifunika upotevu. Katika cha pili, vita na kuanguka kwa pauni vilifunua upotevu huo, na giza likagawanywa kati ya mwenye nyumba, mgeni na, kwa upande wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili. Katika cha tatu mita ilileta namba, na namba zikaleta maamuzi bora. Somo kwa anayesimamia nyumba ya wageni popote, Juba au Jambiani, ni kupima kwanza, kununua mashine inayolingana na mzigo, na kumpa mgeni nafasi ya kuchagua anacholipia. Somo kwa mwanahistoria ni kwamba hesabu za nyumbani ni kumbukumbu za taifa, nazo zinaoza haraka kuliko nyaraka za serikali. Madaftari mawili kati ya tisa tayari yameliwa na mchwa pembeni.

Maporomoko ya Fula bado yanapiga kelele bure. Mpaka yatakapofungwa bwawa, Hai Jalaba itaendelea kuwa mtaa wa kuletewa mwanga. Mwezi Januari nilimpelekea shangazi daftari la kumi kutoka dukani. Alichora safu zake kwa rula kama kawaida. Ya nne ameiacha bila jina.